Gari Alilolichagua Mwavita

Kuna wanawake wanaoomba jua ili mpunga wao ukauke, na kuna wanaoomba mvua ili mihogo yao inenepe. Mwavita wa mtaa wa Mikelenge hakuwa na mpunga wala mihogo ya kuhangaikia, lakini mjini Kindu hakuna aliyeipenda mvua kama yeye. Wingu jeusi lilipojikusanya ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli, alitoka uani akalitazama kama mtu anayemwona mgeni wake akija na mizigo. Majirani walianua nguo mbio. Mwavita alitabasamu.

Sababu yake ilikuwa moja, nayo ilikaa Kampene, nyuma ya milima. Iliitwa Jamila.

Waziri, mume wa Mwavita, alikuwa mfanyabiashara. Alipeleka vitenge, chumvi na makayabu, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa wachimbaji wa Kampene, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Huko huko alimwona Jamila, binti wa mkulima, akamwoa kwa ndoa ya halali, mchana, mbele ya watu, na kwa ruhusa ya mke wa kwanza. Mwavita aliitoa ruhusa ile kama mtu anavyotoa jino: kinywa wazi, macho yamefumbwa.

Wakati wa kiangazi Waziri aligawa siku zake kwa haki. Alikaa Kindu, akapanda lori la watu, akakaa Kampene, akarudi. Lakini mvua zilipoanza, njia ile iligeuka potopoto. Malori yalizama hadi milangoni, madereva wakapika na kulala barabarani, na mfanyabiashara mwenye akili alikaa kwake akingoja ardhi ikauke. Kwa hiyo masika yote, na masika ya Maniema ni marefu, Waziri alikuwa wa Mwavita peke yake.

Mwaka wa kwanza Waziri alimwogopa Mungu. Alikwenda kwa Mwalimu Sumaili, mzee wa msikiti, akauliza kama zile zamu za Jamila zinazoliwa na mvua ni deni shingoni mwake. Mwalimu alifikiri, akasema kwamba mtu aliyezuiliwa na njia hana deni, maana njia imekatwa na Mwenye mvua. Jioni ile Mwavita alimpelekea Mwalimu sahani ya wali na kuku mzima, akasema ni sadaka tu.

Hata hivyo moyo haukutulia. Waziri alirudi kutoka Kampene amenenepa mashavu, nguo zake zikinuka moshi wa kuni ambazo Mwavita hakuzijua. Safari moja alirudi na kifungo cha abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Kifungo kilikuwa kimekazwa vizuri sana, na hilo ndilo lililomuuma. Kingekuwa kimelegea, angecheka. Alikikata kwa wembe, akakishona upya kwa uzi mweusi, na ule wa kijani akautupa chooni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka ule Waziri alipotangaza, kiangazi kinaanza, kwamba amechoka kupanda malori ya watu kama gunia. Atanunua gari lake, gari la magurudumu manne yote yanayovuta. Alisema litawapeleka watoto shuleni, litawapeleka wote kuswali Idi, litambeba mgonjwa akitokea. Na litapanda Kampene, alimalizia akikoroga chai yake, jua liwake au mvua inyeshe.

Watoto walipiga makofi. Mwavita alikuwa ameshika birika. Aliendelea kumimina mpaka chai ikafurika kwenye kisahani.

Mvua inyeshe. Maneno mawili tu, na yalitosha kumnyang'anya kila kitu alichokuwa nacho. Usiku wa masika, sauti ya bati, Waziri akimsimulia habari za soko huku amenyoosha miguu, yote hayo yatapakiwa nyuma ya gari na kupelekwa mlimani.

Magari ya kuuzwa yalikuwa mawili, yote kwa fundi Florentin wa mtaa wa Kasuku. Karatasi za serikali zilikuwa zimempa fundi huyo jina jingine la mababu, kama ilivyoamriwa kwa kila raia mwenye jina la ubatizo, lakini mjini hakuna aliyelijua jina lile, naye mwenyewe alilisahau akiulizwa ghafla. Magari yenyewe yalikuwa ya wageni waliorudi kwao mali zao zilipogawiwa wananchi. Moja lilikuwa fupi, la kijani, lenye paa la turubai. La pili lilikuwa refu, jeupe, lenye paa la chuma na viti safu tatu. Bei zao zilikaribiana, hazikuwa na la kuamua.

Sasa, Waziri alikuwa na desturi yake. Akinunua kitenge, alinunua viwili vya rangi moja. Akinunua sufuria, mbili za ukubwa mmoja. Wake zake hawakuwahi kupata sababu ya kupimana mikononi. Lakini gari huwezi kulikata katikati. Basi aliona njia ya haki ni wake wenyewe waseme, na alichosema mke mkubwa na mke mdogo akikikubali, ndicho kitakuwa.

Kwa hiyo alikwenda na Mwavita kwenye foni ya wafanyabiashara, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Foni haina siri. Unaongea wewe, na chumba kizima kinasikia, na Kalima wanasikia, na Pangi wanasikia. Waziri alimweleza Jamila habari ya magari mawili, akamwuliza anapenda lipi. Mashine ikakoroma, kisha sauti ya Jamila ikaja, nyembamba na safi.

"Bibi mukubwa achague. Yeye njo mwenye nyumba. Atakalochagua, mimi nimelipenda."

Watu waliokuwa wakingoja zamu ya kuongea walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja alisema huyo mtoto amelelewa. Mwanamke mwingine alimgeukia Mwavita akamwambia amebahatika, wake wenza wa siku hizi ni nyoka. Mwavita aliitikia kwamba ni kweli, amebahatika, na kucha zake zikazama viganjani. Maana aliyasikia yale maneno kama alivyotaka moyo wake kuyasikia: chagua wewe, mzee, chagua upendavyo, mimi nitapanda.

Siku ya pili walikwenda garajini.

Na hapa ni lazima ijulikane kwamba Mwavita hakuwa mtu wa kudanganywa kwa rangi. Baba yake alikuwa dereva wa malori tangu wakati wa Wabelgiji. Mwavita alikulia kabini, amebanwa kati ya mlango na kapu la ndizi, akijifunza kusikia injini inapolalamika kabla haijalia. Alijua gari kama wanawake wengine wanavyojua mpunga.

Florentin alipangusa mikono akaanza kueleza. Alifungua mlango wa lile fupi, akaonyesha kijiti cha pili kando ya gia, kile cha kuingiza gia ndogo ya mlima. Akaonyesha jinsi magurudumu yalivyokaa karibu na ncha za gari, mbele na nyuma, hivi kwamba hakuna pua wala mkia wa kugonga. Kisha akachukua jiwe kubwa, akaliweka chini ya tumbo la gari fupi. Likakaa bila kugusa kitu. Akalihamisha chini ya tumbo la gari refu. Jiwe likakataa kuingia.

"Yote mawili yanavuta kwa magurudumu mane," alisema. "Sitaki kumutukana huyu mweupe. Kwa njia ya Kailo, kwa mujini, kwa watoto, ni gari ya raha. Lakini ulisema Kampene, bwana Waziri. Kule juu mvua imechimba mifereji. Gari refu ikifika kwa kilele, magurudumu ya mbele yanashuka, ya nyuma bado yanapanda, na tumbo linakalia udongo kama kuku kwa mayai."

Waziri alikuwa akisikiliza mikono nyuma. Alimtazama mkewe.

Mwavita alizunguka lile fupi. Aliinama, akapitisha mkono chini ya tumbo lake mpaka kwenye kiwiko. Aligonga shasi, uti wa mgongo wa gari, kwa kidole, ikajibu vizuri, bila kutu. Alijua. Alijua kabla ya jiwe, kabla ya maneno ya fundi. Gari hili lingepanda Mlima Kitamba, ule mlima mbaya wa kabla ya Kampene, katikati ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, kama mbuzi anavyopanda kichuguu. Kila wiki ya masika. Kila wiki.

Akainuka, akajipangusa goti, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbele cha lile refu.

Alianza kuongea kwa utulivu. Alisema gari fupi ni la askari. Watoto watakaa nyuma kwenye mabenchi ya ubavuni, wakigongana vichwa kama maboga, vumbi likiwaingia puani. Binti yao Mwanahamisi ameshakuwa msichana, atakwendaje kwenye harusi amefunikwa na turubai kama mzigo wa samaki? Akasema familia si gunia. Akasema mlima unapandwa na dereva, si na gari, na Waziri ni dereva.

Florentin alisema polepole, "Mama, mimi sina faida kwa hii wala kwa ile. Lakini tumbo..."

"Fundi, baba yangu alipeleka malori Kampene wakati wewe unalambwa pua na mama yako," Mwavita akamkata, na vijana wa garaji wakacheka. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Mwanahamisi, ninakuapia kwa baba yangu aliyefia kwenye usukani. Hili litapanda na litashuka. Njo gari yetu hii."

Waziri alilitazama jiwe. Alimtazama mkewe, akakaa akimtazama mpaka fundi akaona haya akaangalia pembeni. Halafu akasema, sawa, bibi mkubwa amechagua.

Kiangazi kile kilikuwa kitamu. Siku ya Idi walitoka Mikelenge gari limeoshwa linang'aa, watoto wamejaa safu zote tatu, Mwavita mbele amevaa kitenge kipya, mkono mmoja nje ya dirisha ili watu waone hina. Sharifa, mdogo wake, aliyekaa nyuma na watoto, alimwambia dada leo umekuwa mke wa gavana. Hata Jumamosi za salongo, raia wote walipotoka kufagia barabara kwa amri ya Chama, Waziri alibeba majembe ya mtaa mzima ndani ya gari lile, na mtaa ukamsifu. Mwavita alilala usingizi mzuri. Mvua zikianza, gari litabaki mjini kama mumewe.

Kabla kiangazi hakijaisha Waziri alisema ni haki Jamila naye alipande. Atakwenda Kampene kwa muda mfupi, njia bado ngumu kama sahani, kisha atarudi kabla ya mvua. Mwavita hakupinga. Alimfungia mandazi. Alimsindikiza mpaka mtoni, akaliona gari jeupe likipanda kwenye baki, kile kivuko cha chuma, na kuelea kwenda Alunguli. Alipunga mkono kwa moyo mweupe karibu kama gari.

Mwaka ule mvua hazikungoja. Zilikuja mapema, usiku na mchana, kama watu waliofukuzwa mahali. Mwavita alisikia matone ya kwanza juu ya bati, akainuka kitandani na tabasamu lake la kila mwaka, akanyoosha mkono upande wa pili wa godoro. Palikuwa baridi. Akakaa hivyo, mkono umelala pale, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaichukia mvua.

Habari ilikuja kwa foni, chumba kizima kikisikia. Waziri alikuwa amejaribu kurudi. Gari lilifika juu ya Mlima Kitamba likakaa kwa tumbo, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani, ya nyuma yameingia mfereji. Chifu aliwatoa watu wa vijiji viwili kwa salongo, wakalibeba kwa magogo na nyimbo, wakalirudisha upande ule lilikotoka. Sasa liko uani kwa Jamila. Yeye hana jeraha, anashukuru Mungu, atangoja njia ikauke.

Mwavita alishika kile chombo cha kuongelea kwa mikono miwili akamwambia aliache gari, ashuke kwa miguu mpaka Pangi, malori yapo. Waziri akajibu kwamba akiliacha, wachimbaji wataligawana mpaka misumari. Kisha akaongeza kuwa kila mtu hapo anamsalimia.

"Kila mtu ni nani?" aliuliza Mwavita. Lakini mashine ilikuwa imeshakoroma, na nyuma yake mtu mmoja alikohoa kicheko.

Alikwenda kwa Mwalimu Sumaili kudai haki yake. Alisema zamu ni zake, mwezi umepita na mwingine unaingia. Mwalimu alikuwa mtu mwema, hakupenda kumwumiza mtu. Alichezea tasbihi, akatazama mlangoni, akamkumbusha taratibu kwamba jambo hili lilikwishaamuliwa miaka ile: aliyezuiliwa na njia hana deni. Mwavita aliinuka akaaga. Alirudi nyumbani akipita vichochoro ili asikutane na watu.

Alikutana nao kisimani. Wanawake wa Kindu hawamtukani mtu, wanaimba. Walikuwa wakiteka maji, mmoja akaanza, wengine wakapokea, hakuna aliyemtazama:

*Gari refu kama nyoka, limepanda halishuki,*
*Mwenyewe hana haraka, kwa mdogo habanduki.*

Mwavita alijaza ndoo yake mpaka juu, akajitwika, akaondoka bila kumwaga tone. Alipofika ndani aliitua, akamwambia Sharifa aliyekuwa anawasuka watoto nywele kwamba wimbo huo una vina vizuri. Halafu akaingia chumbani akalia mdomo ukiwa kwenye mto.

Siku zile alikonda. Hakumwonea wivu Jamila kwa mambo makubwa, kwa hayo alikwishazoea. Alimwonea wivu kwa madogo. Nani sasa anamchemshia maji ya kuoga asubuhi za baridi ile? Nani anayesikiliza habari za soko? Alimwona Waziri amenyoosha miguu chini ya bati lingine, mvua ile ile ikinyesha, akisimulia, na yule msichana akiuliza maswali ambayo yeye Mwavita alikuwa ameacha kuyauliza.

Kisha Florentin akarudi kutoka Kampene.

Lile gari fupi halikupata mnunuzi mwingine, basi fundi alilichukua mwenyewe, akawa anapandisha chumvi na sabuni wakati malori yote yamelala. Siku hiyo lilisimama mbele ya nyumba ya Mwavita, tope mpaka kwenye turubai, kijani chake hakionekani. Florentin alishuka na kapu la uyoga uliokaushwa. Alisema ni zawadi kutoka kwa Jamila kwa bibi mkubwa. Akasema mzee yuko salama, ameongezeka hata, suruali inakataa kufunga.

Mwavita alilitazama kapu. Lilikuwa limesukwa vizuri.

"Utapanda tena lini?" aliuliza.

"Kesho kutwa, Mungu akipenda. Iko mzigo?"

"Iko mimi."

Florentin alijikuna shingo, akasema njia ni mbaya, mama atavunjika mbavu. Mwavita akamwambia asimfundishe njia. Aliwaacha watoto kwa Sharifa, akafunga mzigo wake, mkeka na nguo za kubadili, na siku ile walivuka mto alfajiri.

Njia ilikuwa kama alivyoikumbuka utotoni, ila imezeeka vibaya. Walipita malori yaliyoegemea ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Walivuka mto Elila maji yamejaa. Kila penye potopoto Florentin alivuta kile kijiti cha pili, injini ikashusha sauti, gari likatambaa likatoka. Hata Mlima Kitamba lilipanda bila kelele, mzunguko kwa mzunguko, mvua ikipiga turubai. Juu kileleni Florentin alisimama kidogo apoze injini. Hapo, kati ya mifereji miwili, pana mgongo wa udongo mwekundu, na juu yake palikuwa na alama pana, laini, iliyosuguliwa ikang'aa, mahali gari refu lilipokalia tumbo.

Mwavita aliitazama. Ilikuwa pale pale ambapo yeye angeiweka kama angeulizwa.

Florentin alijishughulisha na injini. Alikuwa mtu mwenye adabu, na pia alikuwa anakumbuka ile habari ya kulambwa pua.

Walifika kwa Jamila mvua imepumzika. Gari jeupe lilikuwa uani chini ya paa la majani lililojengwa makusudi, limefutwa likafutika, kuku wawili wakitembea juu ya boneti. Viti vyake vilikuwa vimetolewa. Viwili vilikuwa barazani, kimoja kikiwa na kitambaa cha kufumwa cha maua. Mwavita alikijua mara moja: kiti cha mbele, upande wa abiria, kile alichokalia siku ya Idi. Waziri alikuwa amekilalia, miguu imenyooshwa, anakula karanga. Jamila alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake akizimenya.

Waziri alipomwona mkewe mkubwa anashuka, matope mpaka magotini, karanga ilibaki njiani kwenda mdomoni.

"Mama Mwanahamisi. Umepita wapi?"

"Njiani."

"Njia imekatika."

"Imekatika kwa hilo," alisema Mwavita akinyoosha kidevu kwenye gari jeupe. "Kwa hili haikukatika."

Jamila aliinuka, akapiga goti kidogo, akamkaribisha, akamwambia ampe mzigo. Mwavita hakumpa. Jamila akaingia ndani kuleta maji ya miguu, na wawili wale wakabaki barazani. Waziri alikaa vizuri kitini, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyechagua ni Mwavita mwenyewe.

"Nawe ulikuwa unajua," alisema Mwavita. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lilimtoka, na lilipotoka aliona kwamba ndilo lililomleta. "Umepita mlima huu tangu ukiwa kijana. Uliona jiwe lile. Ulijua."

Waziri alipangusa maganda kwenye mapaja yake.

"Nilijua."

"Sasa sababu gani ukanunua?"

"Uliapa kwa baba yako, mbele ya fundi na vijana wake. Ulitaka niseme nini? Kwamba mke wangu anaapa uongo juu ya maiti ya baba yake?" Aliangusha ganda la mwisho chini. "Nilikufunika."

Lilikuwa jibu la mume mwema, na Mwavita angelipokea kwa aibu, hata kwa shukrani, kama asingemtazama usoni. Maana pembeni ya mdomo wa Waziri, pale chini ya sharubu, palikuwa na kitu kidogo kinachojificha, kama mtoto aliyekula sukari. Alimfunika, ndiyo. Na alipomfunika alijua pia atalala wapi masika haya, na lawama itamlalia nani. Akachukua vyote viwili, heshima na raha, kwa bei ya gari moja. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Mwavita akamwambia apande gari la Florentin, warudi wote leo. Waziri akakataa bila ukali. Alirudia habari ya wachimbaji na misumari. Florentin aliita kutoka uani kwamba wingu linakuja, anayeshuka ashuke sasa, kilele hakingoji.

Mwavita alilitazama gari fupi. Angeweza kurudi. Angerudi kwa wimbo wa kisimani na kitanda baridi, na akifika atajua hata mpangilio wa viti barazani. Akakishusha kile kifurushi kutoka kichwani, akakiweka juu ya kiti cha pili.

"Fundi, nenda," alisema. "Mwambie Sharifa nimekawia. Watoto wamsikilize."

Jamila alikuwa ametokea mlangoni na beseni la maji. Alikitazama kifurushi, akauona mkeka uliokunjwa ndani yake, na uso wake, ule uso uliokuwa ukisema ndiyo tangu siku ya ndoa, ukabadilika.

"Dada," alisema, "nyumba hii iko na vyumba viwili tu."

"Vinatosha. Kimoja cha mwenye zamu, kimoja cha anayengoja."

"Hapa kwangu?"

"Hapa kwa mume wetu."

Jamila alilitua beseni kwa kishindo, maji yakamrukia miguuni mwenyewe. Mwavita aliyaona macho yake. Alikijua kitu kile kilichomo ndani yake kwa rangi na kwa uzito. Alikuwa amekibeba miaka yote kupita vichochoro vya Mikelenge. Alikuwa anafikiri siku atakapokiona kwa mwenzake atashiba. Alionja utamu wake, lakini haukufika tumboni.

Gari fupi liligeuka, likashuka. Mwavita aliingia chumba alichoonyeshwa, akatandika mkeka, akajiosha miguu mwenyewe. Alipokuwa anajifuta alisikia kutoka jikoni sauti ya Jamila ikinong'ona haraka haraka kwa hasira, kisha sauti ya Waziri ikimbembeleza, kisha kicheko. Kilikuwa cha Waziri, kifupi, cha puani, kicheko cha mtu aliyeshikwa akaona haya akapenda. Mwavita alikuwa ameishi naye tangu ujana, amemzalia watoto, na kicheko kile hakuwahi kukisikia.

Alitundika kitambaa msumarini. Akaenda mpaka mlango wa jiko, akasimama, akakohoa kama mwenye nyumba, na akaingia kuuliza wanapika nini.